Nassor Shaame Faki, Aliyeandika Nani Kaja na Nani Hakuja

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuazima ndugu yetu Nassor kwa miaka arubaini na minne na miezi michache, kisha akamtaka arudi. Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Bi Rahila Shaame, kwa idhini ya mama yao, na unasomwa leo Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, baada ya khitma, mbele ya jamaa wa Kengeja, majirani wa Madungu, na wafanyakazi na wakaazi wa Kituo cha Nafuu. Yamo ndani yake mambo ambayo kwa desturi yetu hayasomwi msibani. Yamewekwa kwa sababu marehemu mwenyewe aliyataka yawemo.

Marehemu alizaliwa Kengeja siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1980. Baba yake alikuwa Mzee Shaame Faki, mkulima wa muhogo na migomba, na mama yake ni Bi Tatu Hamad, ambaye tunaye hapa leo. Bi Tatu alizaa watoto wanne akazika wawili wangali wachanga, wakabaki Rahila na Nassor, waliopishana miaka mitano. Kwa hiyo Nassor alilelewa kama yai. Hata maji ya kisimani alikuwa hatumwi, kazi ile ikawa ya Rahila, na Rahila alimkumbusha jambo hilo mpaka ukubwani.

Alianza chuo cha Kurani akiwa na miaka mitano na skuli mwaka 1988, hapo hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Hesabu zilimshinda, lakini alikuwa na mwandiko mzuri hata walimu wakamwita aje kuandika ubaoni. Watu wa Kengeja wakamgeuza karani wao: barua za posa, kadi za harusi, majina ya wafiwa, vyote vikapitia mkononi mwake. Mwaka wa mwisho wa skuli aliandika kadi hamsini za harusi ya jirani, kwa wino wa kijani, zikampendeza kila mtu mpaka ilipogundulika kwamba zote zina jina la kaka wa bwana harusi, ambaye alikuwa na mke tayari. Mke yule alikuja mpaka mlangoni kwa Bi Tatu kuuliza maana yake nini. Nassor alikaa chumbani siku mbili, kisha akaenda nyumba kwa nyumba na kalamu yake, akasahihisha kadi zote hamsini.

Mwaka 1999 alivuka kwenda Unguja kutafuta kazi. Aliuza katika duka la jamaa yake kwa muda, akabeba mizigo, akafanya kazi ya rangi za nyumba. Mwaka 2003 alianza kuvuta unga wa kulevya, na baadaye akajidunga sindano. Miaka kumi ile haina mengi ya kusimulia, kwa sababu mwenyewe alikuwa haikumbuki vizuri. Jambo moja alilikumbuka. Baba yake alipofariki, mwezi wa Agosti 2009, alitafutwa kila maskani asionekane. Habari ilimfikia siku ya tisa. Alisema hakulia, alimwomba aliyemletea habari amsaidie pesa kidogo kwa ajili ya msiba, na akaenda kununua unga. Kila alipolieleza hilo kwa wakaazi wa kituo, alilieleza kwa maneno hayo hayo, bila kujipunguzia hata moja.

Mwezi wa Mei 2013 Rahila alikwenda Unguja kumchukua. Alimkuta nyuma ya soko, amekonda, kidonda kikubwa mguuni. Hakumsemesha mengi. Alimwambia mama anauliza kama bado anajua njia ya Kengeja. Wakapanda meli ya asubuhi, na njia nzima Nassor alitetemeka kwa arosto ya kukosa unga huku dada yake amemfunika kwa khanga yake mwenyewe, abiria wakidhani ni homa. Tarehe 3 Juni akaingizwa Kituo cha Nafuu, nyumba ya tiba ya watu wa unga, hapa Madungu. Siku ya kumi na moja aliruka ukuta. Siku ya kumi na nne akarudi, akapitia mlangoni, akaomba radhi, na tangu siku ile unga haukuingia tena mwilini mwake mpaka anakufa.

Wakati ule alikuwepo mkaazi mwenzake, Ashraf, kijana wa Chokocho, aliyeingia wiki moja nyuma yake. Walilala vitanda vya kupakana. Ashraf alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuimba, na Nassor alikuwa mtu wa kimya; mmoja akikata tamaa mwenzake humshika. Wote wawili walimaliza tiba, wote wawili wakaombwa wabaki kufanya kazi. Ashraf akawa mnasihi, anayekaa na wageni katika siku zao za mwanzo. Nassor, kwa sababu ya mwandiko wake, alipewa na mkuu wa kituo, Bi Wafa, daftari la mahudhurio ya wafanyakazi. Hiyo ilikuwa Januari 2015.

Daftari lile halikuwa na thamani kwa mtu. Wafanyakazi walikuwa tisa, na wengi walisaini siku tatu kwa mpigo. Nassor ndiye aliyeona kwamba wakaazi wanaangalia. Katika nyumba ile, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenyewe walikuwa wametoka kwenye unga, na asubuhi mnasihi asipoonekana, minong'ono huanza: fulani karudi mtaani. Mgeni akisikia hivyo hujiuliza: kama mnasihi kashindwa, yeye ataweza nini? Basi Nassor akaomba ruhusa ya kulisoma daftari kwa sauti, kila siku saa mbili kasorobo, uani, kabla ya chai, wafanyakazi na wakaazi wote wamesimama. Nani yupo. Nani hayupo na kwa nini. Kisha habari za timu: mpishi kapata mjukuu na leo chai ina iliki, mlinzi kang'olewa jino, asichekeshwe, dereva anamtafuta mtu wa kununua mbuzi wake, kwa sababu mbuzi yule kala daftari la mtoto. Watu walicheka asubuhi, na palikuwa na wakaazi ambao hawakuwa wamecheka kwa miaka.

Mwaka huo huo wa 2015 alikwenda kuposa kwa Mzee Abrahman, hapa Madungu. Mzee Abrahman alishajua alikotoka, akamuuliza sasa anafanya kazi gani. Nassor akajibu kwamba anaandika nani kaja na nani hakuja. Mzee akauliza kama hiyo nayo ni kazi. Nassor akasema ndiyo aliyonayo, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujiandika hayupo. Mzee Abrahman alicheka mpaka akavua kofia. Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Disemba, na Bi Suhaila amekuwa mkewe tangu siku ile. Walijaaliwa watoto wawili, Fakhriya na Muhannad.

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu ya dada yake ilisita.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2017, Ashraf hakuja kazini. Simu yake ilikuwa imezimwa. Wiki ile walikuwa wameingia wageni sita kwa pamoja, na Ashraf ndiye waliyemtegemea. Nassor alijua. Hakuambiwa na mtu, lakini alimjua mwenzake, na wiki mbili nyuma alikuwa amemwona anajikuna na kukwepa macho, akajiambia ni uchovu. Aliogopa kwamba akisoma "hayupo", wageni wale wataondoka. Aliogopa pia kwa ajili ya Ashraf, kwamba akirudi kesho atakuta jina lake limeshachafuka. Akaandika "ruhusa". Bi Wafa alipomuuliza, akasema mama yake Ashraf anaumwa. Jumanne akaandika "ruhusa". Jumatano akaandika "ruhusa", na saa nane mchana wa siku hiyo ikaja simu kutoka Chokocho. Alikuwa Bi Time, mama yake Ashraf, mzima wa afya. Alisema simu ya mwanawe haipatikani tangu Jumapili, akaomba kujua kama yupo salama. Nassor alimwambia Ashraf ametumwa kazi ya nje, huko Micheweni, ambako mtandao ni wa shida.

Kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Alhamisi asubuhi Ashraf alikutwa amekufa ndani ya nyumba isiyomalizwa kujengwa, si mbali na kituo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Daktari alieleza kwamba alijidunga kipimo kile kile cha zamani, na mwili uliokaa miaka minne bila unga haukuweza tena kukibeba. Alisema pia kwamba alikufa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Siku ya tatu ya msiba, Nassor alikwenda Chokocho peke yake. Alimkuta Bi Time barazani, wanawake wamekwishapungua. Akamweleza yote, ruhusa ya siku tatu, na uongo wa Micheweni. Bi Time alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nilipokupigia simu, mwanangu alikuwa hai?"

Nassor akasema, "Alikuwa hai, mama."

Bi Time aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nassor alikaa barazani mpaka adhana ya Alasiri, akaenda msikitini, akarudi Madungu. Jioni ile alimwandikia Bi Wafa barua ya kukiri na ya kuacha kazi. Bi Wafa aliisoma mbele yake, akasema kosa ameliona na halitafutika, lakini barua ya kuacha kazi haipokei. Kesho saa mbili kasorobo anamtaka uani.

Alifika. Aliwaambia wafanyakazi na wakaazi kwamba amewadanganya siku tatu. Wageni wanne kati ya wale sita waliondoka wiki ile, kama alivyohofia. Wafanyakazi wawili hawakumsemesha kwa miezi. Yeye aliendelea kusaini wa kwanza kila siku, na akaomba iwekwe kanuni moja: mfanyakazi asiyeonekana ifikapo saa mbili, bila habari, wawili wanatoka kumtafuta kabla chai haijamiminwa, na mmoja wa hao wawili ni yeye Nassor. Kanuni hiyo ipo hadi leo.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikwenda Chokocho. Bi Time hakutoka. Nassor alisalimu mlangoni, akangoja kidogo, akaondoka. Mkewe alimwomba aache kujitesa, na Rahila, ambaye alikuwa na hasira na yule mama kwa niaba ya mdogo wake, alimwambia ametimiza wajibu, inatosha. Yeye alijibu kwamba haendi kutimiza wajibu. Ikaenda hivyo mwaka mmoja na miezi miwili.

Disemba 2018, siku ya Jumanne, Bi Time aliteremka kwenye gari ya abiria hapa Madungu na kikapu cha ndizi, akaingia uani watu wamesimama na daftari linasomwa. Nassor akalishusha daftari. Mama yule akaweka kikapu chini, akasema mbele ya wote:

"Kule kijijini nimesema ni moyo. Kila ntu namwambia moyo. Nimechoka. Someni jina la mwanangu, na mseme kilichomuua."

Nassor alisoma. Alisema Ashraf, mnasihi wa nyumba hii, alirudi kwenye unga baada ya miaka minne, akafa peke yake, na kwamba mwandishi wa daftari alijua akaficha. Bi Time alisikiliza amesimama, akawagawia wakaazi ndizi mmoja mmoja kwa mkono wake, akapanda gari ya kurudi. Tangu hapo Nassor akienda Chokocho mlango ulifunguliwa na chai ikaletwa. Lakini neno la radhi Bi Time hakulitamka, na Nassor hakulidai.

Kanuni ile ilifanya kazi. Anayejua zaidi ni dereva wa kituo, Usama, ambaye ameomba jina lake litajwe. Asubuhi moja ya Machi 2021 Usama hakufika. Saa mbili na dakika tano Nassor na mpishi walikuwa njiani, na saa mbili u nusu walimkuta kwenye shamba la mikarafuu nyuma ya Wawi, midomo imemgeuka rangi. Nassor alimpulizia pumzi mpaka gari ya wagonjwa ikafika. Kesho yake alisoma uani: "Usama hayupo. Yuko spitali. Alirudia unga, na yuko hai, na anawasalimu." Usama alisema kwamba katika maisha yake yote hajasikia jina lake likisomwa kwa upole namna ile. Leo ana miaka mitatu na miezi kumi na moja bila unga, na ndiye aliyeliendesha gari lililompeleka Nassor kaburini.

Maradhi ya marehemu yalianza kujionesha mwaka 2022. Vipimo vilionesha virusi vya homa ya ini, vilivyoingia kwa sindano za miaka ile na kukaa kimya mwilini muda wote. Alipata dawa, virusi vikaondoka, lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Alipelekwa Dar es Salaam mara tatu. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, akaendelea kuja kazini na ndara kwa sababu viatu havikumwingia. Siku yake ya mwisho kusaini ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, siku moja baada ya kutimiza miaka arubaini na minne. Aliwasomea habari za timu amekaa kitini. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, kwa agizo lake, mbele ya jina lake pakaandikwa "mgonjwa", akataka isiandikwe "ruhusa".

Alitaka afie Kengeja, akapelekwa kwa mama yake. Wiki mbili kabla hajafariki alimwita dada yake akamwambia aandike wasifu, na jambo la Ashraf liwemo. Rahila alikataa. Alimwambia maiti husitiriwa, na kwamba ana watoto watakaoisikia habari ile midomoni mwa watu.

Nassor akamjibu, "Dada, watu wa pale uani wananijua. Mkisoma kingine watajua na siku zote nilizokuwa nasoma nilikuwa nasema uongo. Mie ntakuwa nimeshakwenda. Wao watabaki na nini?"

Rahila alitoka nje, akakaa jikoni muda mrefu. Aliporudi alikuja na karatasi. Anaomba mnaomsikia leo mjue kwamba hakukubali kwa moyo mkunjufu. Alikubali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza katika umri wao wote Nassor kumwomba kitu cha kuandikiwa.

Jumanne, tarehe 4 Februari, baada ya Adhuhuri, Bi Time alifika kutoka Chokocho. Alikaa kando ya kitanda, akasoma Yasini taratibu, akafunga msahafu. Bi Tatu, mama yake marehemu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuliingilia jambo lile, alimshika mkono mwenzake akamwambia, "Bi Time, nami ni mama kama wewe. Mpe radhi huyu, aende."

Bi Time akasema, "Nilishampa zamani. Siku ile niliyokuja Madungu na ndizi, nilikuja nimeshampa. Sikumwambia kwa kuwa niliogopa, atasema basi yamekwisha, aache kuwatafuta wenzake."

Nassor alikuwa amefumba macho, watu wakadhani amelala. Alisema kwa sauti iliyokuwa ndogo sana, "Nisingeacha, mama."

Bi Time alimpangusa uso kwa ncha ya mtandio wake. Alisema, "Ndivyo. Sasa najua."

Alifariki kesho yake, Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, sawa na mwezi 6 Shaabani 1446, saa nne na robo asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Alisaliwa baada ya Alasiri, akazikwa Kengeja karibu na baba yake, yule ambaye mazishi yake hakuyawahi.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Tatu Hamad. Mjane wake, Bi Suhaila Abrahman, aliyekaa naye miaka tisa na kumuuguza mitatu. Watoto wake, Fakhriya mwenye miaka minane na Muhannad mwenye mitano. Na dada yake, Bi Rahila. Bi Time ametuma salamu kwamba naye atajwe miongoni mwa wafiwa, na asitajwe mwisho. Basi tunamtaja kati: ameacha mama wa pili, Bi Time wa Chokocho. Ameacha pia wakwe, mashemeji, wafanyakazi kumi na wawili wa Kituo cha Nafuu, na wakaazi thelathini na mmoja, ambao wawili kati yao wameingia juzi na hawakuwahi kumwona.

Kwa niaba yake familia inamwomba kila mmoja wenu mliokaa naye, kama alikukosea, hata kwa neno dogo, umsamehe hapa ulipokaa, kabla hujanyanyuka kwenda kwenye chakula. Na kama ni wewe uliyemkosea, miaka ile ya mtaani au baadaye, yeye alikwishasema hana daawa wala dai na mtu.

Ewe Mola, mja wako Nassor amekuja kwako. Mpokee, mwandike miongoni mwa uliowaridhia, na umkutanishe na Ashraf mahali pasipo na maumivu. Amin.